Maana na Asili ya Jina "Mama Ntilie"

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Soni)



Katika mkutano wetu uliopita palitokea ubishi juu ya neno moja, na ubishi ule ndio ulionisimamisha hapa leo. Ilisomwa rasimu ya barua ya kuwaombea wapishi wa hapa sokoni paa na bomba la maji, na katika mstari wa kwanza wapishi hao waliitwa "mama ntilie." Mzee wetu mmoja akasimama akasema kwamba jina hilo ni la dharau, halifai kuandikwa na watu waliokwenda shule, na kwamba yafaa waandikwe "mama lishe." Kijana mmoja akamjibu kwamba "mama lishe" ni jina la majukwaani, wala hajapata kumsikia mtu mwenye njaa akilitamka. Bwana Mwenyekiti akaahirisha shauri, akanitaka mimi, kwa kuwa nasemekana kuwa mpenda kamusi, nilichungue jina hili nije niwaeleze maana yake na asili yake. Nimefanya hivyo kwa kadiri ya nguvu zangu.

Nitaanza na neno lenyewe. "Ntilie" ni "nitilie." Ile "ni" ya msemaji imemezwa, ikabaki "n" peke yake, kama watu wasemavyo "ntakuja" na "ntakupa," ilhali sisi makarani twaandika "nitakuja" na "nitakupa." Kitenzi ni "tia." Ukikinyambua kwa kumtendea mwingine chawa "tilia," na "e" ya mwisho ni ya ombi. Basi jina zima si jina, bali ni sentensi kamili: "Mama, nitilie." Ni maneno ya mtu aliyeshika sahani mkononi na kuisogeza mbele ya sufuria. Mwenye kuitwa kwa jina hili hakujiita, wala hakuitwa kwa kazi aifanyayo kama aitwavyo mpishi, au mshonaji, au mwalimu. Ameitwa kwa maneno aambiwayo mchana kutwa.

Mtu aliyelelewa pwani katika Kiswahili safi ataniuliza: mbona haikuwa "mama nipakulie"? Swali hili ni la haki. Chakula kikiwa chungunimo, neno lake ni kupakua. Kupakua ni kinyume cha kupakia: jahazi hupakiwa mzigo Tanga, likapakuliwa Pemba, na sufuria nayo imepakiwa wali, haina budi kupakuliwa. Kutia ni jambo jingine. Hutiwa chumvi, hutiwa sukari, hutiwa maji. Yaani kitu huongezwa ndani ya kingine. Nionavyo mimi, tofauti hii ndiyo utamu wa jina. Asemaye "nipakulie" aomba sahani yake ijazwe mara ya kwanza, na bei ya sahani yajulikana. Lakini "nitilie" husemwa hata sahani ikiwa imekwisha kujaa: nitilie mchuzi, nitilie maharage kidogo, nitilie na mboga kando. Kile kijiko cha nyongeza hakimo katika bei. Chatoka katika moyo wa mpishi, na kila mmoja wetu aliyepata kula sokoni ajua kuwa upawa wa mchuzi huweza kurudi sufurianimo au kushuka sahanini kwa jinsi ulivyosema neno hili. Katika nyumba kubwa ya kulia chakula, yenye karatasi ya bei na mtumishi mwenye kofia nyeupe, huwezi kusema "nitilie." Utaletewa kilichoandikwa, na mchuzi wa ziada utauona katika hesabu.

Angalieni pia neno la kwanza, "mama." Nimemwona karani mwenye mvi, mwenye wajukuu, akimwita "mama" binti wa miaka 25 kwa sababu binti ndiye aliyeshika upawa. Heshima ile haitokani na umri. Mtu mwenye njaa ni mtoto wa yeyote ampaye chakula, na Kiswahili chetu kimelikubali jambo hilo bila kuona haya. (Mjini wapishi nao hutulipa kwa namna yao, kwa kutusahau majina yetu kabisa na kutuita kwa sahani zetu: "Wali maharage ni nani? Ugali samaki yuko wapi?" Nami nimepata kuinua mkono nikaitika.)

Sasa nije kwenye asili. Wanawake kuuza chakula kilichopikwa si jambo la jana. Katika miji ya pwani vitumbua, maandazi, uji na samaki wa kukaanga vimeuzwa barazani na njiapanda tangu zamani. Lakini mahali pa kulia chakula palikuwa na majina mengine. Palikuwa na "mkahawa," ambao bara watu wengi huutamka "mgahawa," nalo ni neno lililozaliwa na kahawa, ingawa leo mtu aweza kula wali mgahawani miaka kumi asionje kahawa hata siku moja. Palikuwa na "hoteli," neno ambalo kwetu laweza kuwa meza mbili na birika, hata mgeni atokaye Ulaya akiona kibao cha hoteli kando ya barabara akiingia kutafuta kitanda huchekwa. Na kuna "genge," ambalo yasemekana lilitoka katika magenge ya vibarua. Palipokusanyika watu wa kazi ndipo palipopikwa. Vyakula vingine navyo vimebeba majina ya kazi namna hii. Posho ilikuwa sehemu ya chakula apewayo mpagazi au kibarua, na huko Uganda hata leo ugali wa mahindi wenyewe huitwa posho.

Jina "mama ntilie" ni la Dar es Salaam, na limekua katika miaka ya shida. Wenye umri wanakumbuka. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa serikali ulipoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ya kununua. Mtu alifanya kazi bandarini, kiwandani au ofisini katikati ya mji, na nyumba yake iko mbali. Nauli ya kwenda kula nyumbani mchana na kurudi ni kubwa kuliko chakula chenyewe. Wanawake wakaleta masufuria mahali penye watu: penye majengo yanayojengwa, penye milango ya viwanda, na Kariakoo, mtaa ambao jina lake latoka katika kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wanawake hao walikuwa wake za wenye mishahara. Mshahara wa mume ulinunua chakula cha siku chache, na sufuria ya mke ikaulisha mwezi uliosalia.

Wala kazi ile haikutazamwa kwa jicho jema. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na wale waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Mwanamke mwenye sufuria kando ya barabara alipaswa kuthibitisha kwamba anafanya kazi, ilhali yule aliyemwuliza alikuwa huenda amekula kwake mchana ule. Katika sisi tuliomo chumbani humu wamo, nina hakika, waliolipiwa ada kwa maandazi. Sitaji mtu. Kila mmoja atazame moyoni mwake kabla ya kusema kwamba jina la kazi ile ni aibu kuandikwa.

Mji ule una tabia ya kukipa kitu jina kwa sauti isikikayo hapo. Miaka hiyo hiyo ya 1980 magari ya abiria yasiyo ya serikali yalitoza shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa "dala", makondakta wakapiga kelele "dala, dala!" na gari likawa daladala mpaka leo, ingawa nauli ile imekwisha kusahauliwa. Ndugu zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kutangulia kwa "matatu," kwa nauli ya sarafu tatu za senti kumi kumi. Vivyo hivyo maneno ya mlaji yakamgandama mpishi.

Tusidhani kuwa ni sisi peke yetu. Huko Nigeria, mbali nasi kabisa, mwanamke auzaye chakula kando ya barabara huitwa "mama put," na "put" katika Kiingereza chao cha mitaani ni hilo hilo "tia" letu: mlaji asimama na sahani, aomba atiliwe. Wole Soyinka, mwandishi wao mashuhuri, amempa jina hilo mwanamke mmoja katika mchezo wake wa kuigiza uliotoka mwaka 1995. Sidhani kwamba Lagos iliiga Dar es Salaam, wala Dar es Salaam kuiga Lagos. Njaa ya saa saba mchana ni moja, na sahani ni moja, ndipo maneno yakafanana. Waganda wamekwenda njia nyingine. Chakula cha jioni kiuzwacho chini kandokando ya njia mjini Kampala walikiita "toninyira mukange," maana yake usinikanyagie changu. Hilo nalo ni sentensi, lakini ni sentensi ya mwuzaji, si ya mlaji! Kwetu anayesikika ni mwenye njaa. Kwao anayesikika ni mwenye mali, akiilinda na miguu ya wapitao. Nimelifikiri sana jambo hili, na nitalirudia.

Na sasa, je, jina hili ni matusi? Nawaomba mjaribu kitu kimoja kesho asubuhi, magari ya kabichi na karoti yanapopakiwa kwenda Mombo na Dar es Salaam, na wapakiaji wamezunguka masufuria kwa baridi. Msimame mbele ya mmoja wa wapishi wale mseme, "Mama Ntilie, nipe chai." Hamtaweza. Ulimi utakataa. Mtasema "mama," au "dada," au "shangazi," au kama mwamjua mtasema Mama Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Hili ni jambo la ajabu, nami sikuwa nimeliona mpaka nilipopewa kazi hii: jina lililotengenezwa kwa maneno aliyoambiwa mtu usoni, haliwezi kutumika usoni pake. Latumika asipokuwapo. Twasema, "Nitakwenda kula kwa mama ntilie," naye yuko mbali. Hapo mzee wetu ana haki yake. Jina la mtu asemwaye nyuma ya mgongo laweza kuchukua vumbi hata kama asili yake ni safi.

Na vumbi limeingia. Neno hili huandikwa sana magazetini siku za maradhi. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, chakula cha kandokando ya barabara kilipigwa marufuku, na msomaji aliyesoma habari zile aliliona jina hili karibu na neno kipindupindu mara nyingi kuliko alivyoliona karibu na neno kazi. Lakini kipindupindu hakitoki katika jina. Hutoka katika maji. Mpishi mwenye ndoo moja ya kuoshea sahani hamsini atafanyaje? Ndiyo sababu barua yetu yaomba bomba kabla ya paa, na nawasihi wanachama wasije wakaugeuza mpango huo, ijapokuwa paa ndilo lionekanalo na wapitao.

Nitazame sasa "mama lishe." Hili ni jina lenye nia njema. "Lishe" latokana na "lisha," nalo ni kumfanya mwingine ale: mama humlisha mtoto, na mchungaji huwalisha mbuzi. Katika Kiswahili cha ofisini "lishe" imekuwa elimu ya chakula kiufaacho mwili. Twaliona neno hilo zahanati, na serikali iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973. Basi yule aliyemwita mpishi wetu "mama lishe" alitaka kumvika koti jeupe. Sikatai. Jina hili limemsaidia, kwa maana laweza kuandikwa katika leseni na kutamkwa na mheshimiwa bila kutabasamu. Tena limezaa "baba lishe," kwa ajili ya wanaume walioingia katika kazi hii, na ni wengi. Tangu Mei 2024, ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuwa wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, mama lishe na baba lishe wametajwa hotubani mara nyingi, na baadhi yao wamegawiwa mitungi ya gesi. Jina ambalo mtu aweza kupewa mtungi kwalo si la kupuuzwa.

Lakini pia lina upungufu wake. Katika "ntilie" mlaji aomba, na mwenye uwezo wa kutoa au kunyima ni mpishi. Katika "lishe" mlaji ametoweka. Amebaki mpishi na wajibu wake wa kulisha, kama kwamba ni kazi ya hospitali. Jina la tatu ni baridi zaidi. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na wapishi wetu wakaingia humo pamoja na wamachinga. Vitambulisho vile viliwaondolea wengi usumbufu wa kufukuzwa, nami navisifu kwa hilo. Lakini jaribuni kumwambia mtu kwamba mmekula mchana kwa mjasiriamali mdogo!

Ndugu zangu, liko jambo jingine ndani ya "ntilie," nami nililiacha hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa latuhusu sisi watumishi kuliko mtu mwingine ye yote. Neno hili lina tarehe. Tarehe 2 ya mwezi mtu husema "nitilie" huku noti i mkononi. Tarehe 20 husema "nitilie" huku akitazama pembeni, na mpishi huchukua daftari. Mpakiaji wa kabichi hulipa papo hapo, maana naye hulipwa papo hapo. Anayekopa ni mwenye mshahara. Tumeaminiwa kwa sababu tuna ofisi, na ofisi haiwezi kukimbia. Lakini mtu wa ofisi aweza kuhamishwa. Wapo waliopata barua ya uhamisho wakafunga mizigo, na kurasa zao zimebaki katika madaftari ya hapa sokoni. Nimeonyeshwa kurasa hizo. Majina sikuyanakili. Yule mzee aliyesema jina hili ni la dharau alikuwa akilinda heshima ya wanawake wale, nami namsifu; lakini nilipokwenda kuwauliza wenyewe wapendalo kuitwa, wengi hawakuona tabu kwa jina hili wala lile. Walitaka maji, na walitaka madeni yalipwe.

Basi kwa habari ya barua, maoni yangu ni haya. "Mama ntilie" si tusi. Ni neno la mwenye njaa, na laonyesha nani aomba na nani apewa. Lakini ni neno letu sisi walaji, si lao. Barua hii si ya mlaji kumwomba mpishi, bali ni ya kumwombea mpishi kwa wakubwa, na katika barua ya namna hiyo mtu huandikwa kwa jina lake. Nimewaomba ruhusa nao wamekubali. Ni wanawake 11 na wanaume 2. Nimeandika majina yao kamili, jina la kila mmoja na la baba yake, na mbele ya kila jina chakula akipikacho: makande, wali na maharage, bada na dagaa, chai na chapati, na vingine. Kichwani pameandikwa "Wapishi wa Soko la Soni," na chini yake "mama lishe na baba lishe," ili karani atakayeipokea ajue faili la kuitia. Mazungumzoni kila mtu aseme kama alivyozoea. Ikiwa wataka siku moja kupaita mahali pao kwa sentensi yao wenyewe, kama Waganda walivyofanya, hiyo ni juu yao. Na baada ya kuyaona madaftari yale nadhani naweza kuibahatisha sentensi hiyo.

Rasimu iliyosahihishwa iko mezani kwa Bwana Katibu. Karatasi ya pili iliyobanwa nyuma yake haitakwenda kwa wakubwa. Ina jumla ya madeni ya watumishi wa serikali kwa kila mpishi, bila jina la mdaiwa hata mmoja, na chini yake pana nafasi ya tarehe. Naomba mkutano uijaze tarehe hiyo kabla ya chai.